Sodiamu kaboneti kavu imekwisha, je ya fuwele yafaa?

Mwalimu umeuliza kama waweza kutia sodiamu kaboneti ya fuwele badala ya ile kavu, gramu zile zile, ili titresheni (kumimina asidi kidogo kidogo mpaka rangi igeuke) ya kidato cha nne isikwame. Kutia waweza, gramu zile zile hapana. Mimi niko maabara ya shule hapa Malindi, kemikali zetu zatoka Mombasa na zikichelewa ndio twabadilishabadilisha hivi hivi.

Uliza kwanza ndani ya hio chumvi nani anafanya kazi. Hapo ni kaboneti, basi moli (kipimo cha idadi ya chembe) ndio ziwe sawa. Kavu moli moja ni gramu 106, ya fuwele imebeba maji moli kumi yafika gramu 286, kwa hivyo lita moja ya 0.1 M, yaani moli 0.1 kwa lita, ni gramu 10.6 za kavu au 28.6 za fuwele. Ukipima 10.6 za fuwele umewapa watoto kitu cha 0.037 M hivi, watamimina asidi kidogo tu rangi igeuke, alafu wadhani wao ndio hawajui, na hilo mimi laniuma sana.

Sasa joto letu nalo. Hizo fuwele zikifika nyuzi 32 hivi zaanza kulowa kwa maji yao wenyewe, na zikikaa wazi maji yatoka zageuka unga mweupe, yaani kopo la zamani huwezi kujua limebaki na maji kiasi gani. Siliamini kabisa. Afadhali chukua sodiamu baikaboneti ya maabara uikaange kwa bakuli la kauri huku wakoroga, pima, rudisha motoni, pima tena mpaka uzito usishuke, gramu 168 zitakupa 106 za kaboneti kavu. Ipoe ndani ya desiketa, chombo kifungwacho cha kuzuia unyevu, manake hewa ya bahari ina unyevu na itaunywa. Magadi ya sokoni acha, mle kaboneti na baikaboneti zimechanganyika na uchafu juu.

Na kwa vile umesema wiki ijayo ni titresheni ya pamanganeti: feri salfeti ya fuwele ikikosekana tia chumvi ya Mohr (feri amoniamu salfeti), gramu 39.2 mahali pa 27.8, tena hio haiharibiki na hewa upesi. Lakini kama watoto wanatafuta ayoni zilizomo usiithubutu, ina ayoni za amoniamu, wakitia sodiamu haidroksaidi wakapasha moto harufu ya amonia yatoka na majibu yote yavurugika.

Asidi ya kutia kwenye titresheni hio ya pamanganeti ni ya salfuriki iliyozimuliwa tu. Haidrokloriki itapandisha kiasi cha pamanganeti unachomimina na kutoa klorini, ambayo ni sumu, nayo naitriki itamaliza feri kabla ya pamanganeti kuifikia.

Ukimaliza andika kwa lebo jina la chumvi uliyotia kweli na gramu zake, sio ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya mtihani, manake anayesahihisha hesabu atatumia hizo namba.