Usitie Saini Kabla Gari Halijafunguliwa

Masika ya mwaka juzi, nikitoka Mkoani kurudi Chake Chake hapa Pemba, lori liliteleza karibu na Mtambile likanigonga upande wa mbele kushoto. Namshukuru Mwenyezi Mungu, hakuna aliyeumia, lakini gari lilikaa wiki nane bila ya kutembea, na zaidi ya nusu ya muda huo ningeweza kuuokoa lau ningalijua haya ninayoyaandika kuhusu kudai bima na kutengeneza gari baada ya ajali.

Hatua za mwanzo nilizifuata. Niliwaita trafiki kabla ya magari kuondolewa, nikapiga picha za mahali pa ajali pamoja na hati ya bima ya lori, na siku hiyo hiyo nikaiarifu kampuni yangu ya bima, kwa sababu mikataba huweka muda wa kutoa taarifa na anayechelewa huweza kukataliwa madai yake. Kwa kuwa nilikuwa na bima kubwa, inayofidia hata gari la mwenye bima mwenyewe, kampuni yangu ndiyo iliyopaswa kunilipa, kisha yenyewe ikadai kwa bima ya mwenye lori. Aliyekatia gari lake bima ndogo tu, inayofidia hasara za watu wengine, hana njia hiyo. Yeye hudai kwa bima ya aliyemgonga, na ripoti ya polisi inayoonyesha mwenye kosa ndiyo tegemeo lake.

Tatizo lilianza kwa mkadiriaji wa hasara, yaani mtu anayetumwa na kampuni ya bima kupima uharibifu. Alikuja kwa boti kutoka Unguja, akalitazama gari kwa muda mfupi bila ya kufungua kitu, akaandika bampa, taa, fenda na rangi. Baada ya siku chache nililetewa hati ya kukubali malipo, nikaahidiwa kwamba nikitia saini fedha zitatoka wiki ile ile. Nilikuwa karibu kuitia. Aliyenizuia ni fundi wa bodi hapa Chake, mtu mzima, ambaye aliniambia, “Mwanangu, niache niifungue kwanza hiyo bampa, ndipo tuzungumze bei.” Alipoifungua tulikuta rejeta imepasuka na ncha ya chesisi imeingia ndani. Niliporudi kuisoma ile hati kwa utulivu, niliona imeandikwa wazi kwamba malipo yale ni ya mwisho na kwamba sitadai tena chochote kuhusu ajali hiyo.

Sikupiga simu, niliandika barua, nikaambatanisha picha na makisio mapya ya fundi, nikabaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ukaguzi wa pili ulifanyika, na kiasi kikaongezwa. Wangekataa, ningeipeleka nakala ile kwenye ofisi ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA) iliyopo Zanzibar, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye yupo kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya mwaka 2009.

Kampuni ilitaka gari litengenezwe kwenye gereji yake ya Unguja. Kwa sisi wa Pemba, kabla ya kukubali jambo hili, ni lazima ipatikane kwa maandishi nani atalipa nauli ya meli na nani atawajibika gari likiharibika njiani. Sikupata jibu la kuniridhisha, nikaomba nibaki na fundi wangu, na ombi likakubaliwa. Nilimchagua baada ya kuliona gari jengine alilokuwa akilinyoosha, likiwa bado halijapakwa puti (ile ya kusawazishia bodi kabla ya rangi), kwani hewa yetu ya chumvi haisamehe: puti ikifunika kutu, baada ya masika mawili rangi huvimba na kubanduka, na mwenye gari huanza upya kwa fedha zake. Tuliandikiana pia ni spea zipi zitakuwa mpya na zipi za mtumba, na kwamba nitakabidhiwa zile zilizotolewa.

Siku ya kulichukua, sikumalizia malipo pale gerejini. Nilikwenda nalo na fundi mpaka Mtambile na kurudi, nikiachia usukani kidogo mahali palipo sawa. Lilivuta kushoto. Alilirudisha ndani siku mbili, akarekebisha alaimenti (mlingano wa magurudumu), kisha nikamlipa sehemu iliyobaki.