Maswali na Majibu: Nani Huulizwa Kabla Polisi Hawajapanga Kazi?

Wasomaji kadhaa wametaka kujua jinsi wananchi, na askari wenyewe, wanavyoweza kusikilizwa kabla vituo vya polisi nchini Kenya havijaamua ni uhalifu gani utakaoshughulikiwa kwanza. Haya ni maswali manne kati ya yaliyoletwa.

Ni nani mwenye uwezo wa kuamua vipaumbele vya polisi katika kaunti: gavana, mkuu wa kituo, au sisi wananchi? (Mkazi wa Likoni)

Amri ya polisi imo mikononi mwa Inspekta Jenerali, na Kifungu cha 245 cha Katiba ya 2010 kinamkataza mtu yeyote kumwelekeza achunguze kosa gani au amchukulie hatua nani. Hata hivyo, kuagiza fulani akamatwe ni jambo moja, na kueleza kwamba mtaa wenu unateswa zaidi na magenge yenye mapanga kuliko na wachuuzi wa barabarani ni jambo jingine kabisa. Hili la pili ni haki yenu. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, kifungu cha 41, inatambua Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, ambayo mwenyekiti wake ni gavana au mtu aliyemteua, na ambamo wakuu wa usalama huketi pamoja na wawakilishi wa wafanyabiashara, wanawake, vijana, dini na watu wenye mahitaji maalumu. Miongoni mwa kazi zake ni kupendekeza vipaumbele na malengo ya utendaji wa polisi katika kaunti, na kuwashirikisha wananchi katika kuvipanga. Inasikitisha kwamba utekelezaji wa kifungu hiki umecheleweshwa kwa miaka mingi, hivyo kwa wengi wenu mahali pa kusemea pamebaki kuwa baraza la chifu na kamati ya polisi jamii.

Tumeitwa barazani mara nyingi, tumesema, na hakuna kilichobadilika. Twende tena kwa nini? (Mama wa watoto watatu, Mtwapa)

Uchovu wenu una sababu. Katika baraza moja nililohudhuria, ofisa mmoja alisoma mpango wa doria uliokwisha kupigwa mhuri, kisha akauliza kama kuna mwenye swali. Wazee wawili walizungumzia pombe haramu. Wanawake, waliokaa nyuma, hawakusema neno. Viti vilipokuwa vikikunjwa, mmoja wao aliniambia kwamba shida yao ni kichochoro cha kutokea nyumbani hadi stejini, saa kumi na moja alfajiri, wanapokwenda kuwahi samaki, ilhali gari la doria hupita barabara ya lami saa nne za usiku. Habari hiyo, ambayo ingetosha kubadilisha ratiba nzima, haikuandikwa popote.

Watu huulizwa maoni karatasi ikiwa bado tupu. Wakiitwa baada ya mhuri, hao wamearifiwa tu. Kwa hiyo nendeni, lakini ombeni muhtasari wa maandishi wa yaliyosemwa, pamoja na kikao cha pili, kwa tarehe inayojulikana, ambapo kila ombi litajibiwa, hata lile lililokataliwa, na sababu zitolewe. Ombeni pia wanawake wapewe kikao chao, kwa maana kipigo cha nyumbani na ubakaji havitajwi mbele ya umati, na jambo lisilotajwa haliingii katika mpango.

Mimi ni konstebo. Mbona sisi tunaotembea mitaani hatuulizwi?

Swali lako ndilo lililonigusa zaidi. Mwezi Aprili 1981, huko Brixton, kusini mwa London, polisi waliendesha operesheni dhidi ya wizi na unyang'anyi, na kwa siku chache wakasimamisha watu 943, zaidi ya nusu yao wakiwa weusi. Viongozi wa mtaa hawakushauriwa. Hata askari wa doria ya miguu, waliokuwa wakiwafahamu wakazi kwa sura, hawakuulizwa. Ghasia zilizozuka zilijeruhi mamia ya watu, wengi wao wakiwa polisi. Jaji Scarman, katika ripoti yake ya Novemba mwaka huohuo, alitaka mashauriano kati ya polisi na jamii yawe jambo la kisheria, na sheria ya 1984 ikayaweka.

Hapa kwetu askari hana chama cha kumsemea, kwani Kifungu cha 24 cha Katiba kinaruhusu haki za kazi za polisi ziwekewe mipaka, na neno la konstebo hupanda ngazi kwa ngazi hadi linapungua maana. Ningependa kila kituo kiwe na kikao cha vyeo vya chini bila wakubwa kuwapo, au fomu zisizo na majina, kisha orodha ya askari iwekwe kando ya orodha ya wananchi. Pale zinapotofautiana ndipo pa kuketi na kuzungumza: wananchi watataka doria ya alfajiri, nawe unajua kwamba gari ni moja, mafuta huisha kabla ya mwezi, na nusu ya zamu imepelekwa kulinda majengo. Wananchi wakiambiwa hivyo waziwazi, huenda wenyewe wakachagua doria ya miguu katika vichochoro vitatu kuliko gari linalopita lami.

Naogopa kutaja genge barazani, maana wenyewe huketi palepale. Nifanyeje? (Kijana wa Kisauni)

Usitaje jina la mtu barazani. Vipaumbele vinahitaji aina ya kosa, mahali na saa tu. Habari za watu mahususi zipelekwe faraghani, na malalamiko dhidi ya askari yapelekwe kwa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendaji wa polisi. Kamati yenu inaweza pia kuweka sanduku la maoni kwenye zahanati au msikitini, mbali na kituo, na likafunguliwa mbele ya wajumbe ambao si askari.