Kwa anayeanza kutafuta sarafu zenye kasoro: jua kwanza zinavyogongwa

Kila anayeingia kwenye ukusanyaji wa sarafu zenye kasoro namwambia kitu kimoja kabla ya vingine vyote: weka bei pembeni kwa muda. Najua bei ndiyo iliyokuleta. Umeona video ya mtu ameshika senti ya Marekani ya mwaka 1943 akidai ni utajiri, ukakumbuka kopo la sarafu za zamani alilonalo bibi. Habari ya 1943 ni ya kweli. Mwaka ule Marekani ilihitaji shaba kwa vita, senti zikatengenezwa kwa chuma kilichopakwa zinki, lakini vipande vichache vya shaba vikagongwa pamoja navyo. Kimoja kilichogongwa kwenye kiwanda cha Denver kiliuzwa mwaka 2010 kwa dola milioni 1.7. Bei ile haikutokana na kukosewa peke yake. Kosa lenyewe linaelezeka, linaweza kuthibitishwa, nakala zake zinahesabika, na wanaozitaka ni wengi. Ukikosa kimojawapo cha hivyo, bei huanguka.

Kwa hiyo anza na kiwanda. Bamba la metali hukatwa vipande vya duara. Vipande hupitishwa kwenye mashine inayoinua ukingo. Kisha kila kimoja hukaa katikati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, ndani ya pete inayokizuia kisitanuke, na kugongwa kwa nguvu kubwa. Kila kasoro halisi ina hatua yake humo. Kipande kikikaa vibaya, picha hutoka kando na sehemu ya sarafu hubaki tupu. Pete isipokuwepo, sarafu hutanuka. Bamba lisiposogea vizuri, mkato unaingia kwenye tundu la mkato uliotangulia, unapata sarafu yenye pengo la mviringo kama biskuti iliyong'atwa. Hapo usitazame pengo, tazama ukingo ulio mkabala nalo. Kwenye pengo la kiwandani ukingo huo mara nyingi huwa hafifu, kwa sababu mashine ya kuinua ukingo ilikosa kitu cha kukandamiza upande wa pili. Aliyekata sarafu kwa tupa nyumbani kwake hawezi kuuiga udhaifu huo.

Kuna jambo moja ambalo likikuingia kichwani limekuokolea fedha nyingi. Mhuri ukipata ufa, metali ya sarafu huingia ndani ya ufa ule wakati wa kugongwa. Matokeo yake kwenye sarafu ni mstari ulioinuka. Mkwaruzo wa mtaani ni kinyume chake, huo huchimba. Chukua lenzi ya sonara inayokuza mara 10, inamisha sarafu chini ya taa, kisha fuata ule mstari: unapita juu ya uso wa sarafu au umezama ndani yake? Sehemu kubwa ya picha ninazotumiwa na vijana wakiniuliza "hii ni kasoro?" humalizika kwa swali hilo. Umezama, ni kisu, ni zege la barabarani, ni funguo mfukoni.

Maandishi pacha nayo yana mtego wake. Senti ya Marekani ya 1955 iliyogongwa Philadelphia inasifika kwa sababu mhuri wenyewe, wakati wa kutengenezwa, ulikandamizwa mara mbili bila kulingana. Tarehe na maneno vikatoka mara mbili, vimetengana, kila herufi na unene wake kamili. Maelfu zilitoka kiwandani, na nyingi ziliwafikia watu ndani ya pakiti za sigara za mashine, zilikowekwa kama chenji. Sasa ilinganishe na kasoro ndogo inayopatikana kila nchi: mhuri uliolegea huteleza kidogo baada ya kugonga na kuacha ngazi bapa pembeni ya herufi. Ngazi hiyo hailipwi zaidi. Herufi mbili kamili ni biashara, herufi moja yenye ngazi si biashara.

Wengine hushtuka wakigeuza sarafu na kukuta upande wa pili umepinduka kichwa chini. Kabla hujafurahi, uliza imetoka nchi gani. Sarafu za Marekani zimepangwa hivyo kwa makusudi. Za Uingereza, pamoja na zetu nyingi zilizofuata mtindo wake, husimama wima pande zote mbili ukizigeuza kwa ubavu. Kasoro ni pale sarafu inapokwenda kinyume na utaratibu wa nchi yake, na hata hapo upande mmoja ukizunguka kidogo tu hauongezi kitu.

Tuje kwenye bei. Mwaka 2008 Uingereza ilibadilisha sura za sarafu zake, na kwenye peni 20 mwaka ulihamishiwa upande wa Malkia. Mhuri wa zamani wa upande huo ukatumika pamoja na mhuri mpya wa upande mwingine, ikatoka sarafu isiyo na mwaka kabisa. Habari ilipovuma mwaka 2009 watu walitangaza bei za maelfu ya pauni. Makadirio ya Royal Mint, kiwanda cha sarafu cha Uingereza, yalikuwa kwamba zimetoka kati ya 50,000 na 200,000, na soko likatulia kwenye makumi ya pauni. Ndiyo maana nasisitiza: bei anayotangaza muuzaji si bei. Bei ni kile kilicholipwa mnadani kwa sarafu ya aina hiyohiyo yenye hali kama ya yako, na nyumba kubwa za mnada huweka matokeo yao wazi. Anayekuonyesha tangazo badala ya mauzo, mwache.

Kwetu Afrika Mashariki hazina ipo, ila watu huitafuta mahali pasipo pake. Senti 5 na senti 10 zenye tundu za mwaka 1936 zina jina la Edward VIII, mfalme wa Uingereza aliyetawala chini ya mwaka mmoja, na wengi hudhani hilo linatosha. Zilitolewa nyingi mno, bei yake ni ndogo. Inayotafutwa ni nyingine: mwaka huohuo kiwanda cha Heaton cha Birmingham, kilichokuwa kikigonga sarafu zetu na za Afrika Magharibi ya Kiingereza, kilichanganya mihuri, upande mmoja wa senti 10 yetu ukaungana na upande mmoja wa peni yao. Ukikutana na sarafu ya 1936 yenye tundu na herufi H, alama ya Heaton, soma pande zote mbili.

Halafu kuna Tabora, ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walikuwa wamezingirwa, sarafu hazifiki kutoka Ulaya, wakagonga zao wenyewe Tabora: heller, yaani senti za rupia yao, za 5 na za 20, na rupia 15 za dhahabu zenye tembo, takribani 16,000. Heller 20 ziligongwa kwa vifaa vya kubahatisha, za shaba nyekundu na za shaba ya njano. Nyingi zina nyufa za mihuri na picha hafifu. Kwa hiyo ufa kwenye heller ya Tabora hauongezi sana, kwa sababu ni jambo la kawaida. Wakusanyaji hutazama aina ya mhuri: taji kubwa au dogo, na ncha za herufi L kwenye neno HELLER, zimejikunja au zimechongoka. Baadhi ya michanganyiko ni adimu kuliko mingine. Za dhahabu zimeigwa sana, usiiguse hata moja bila kuipima na kupata jicho la mtaalamu.

Sumaku, mizani ya kusoma sehemu ya mia ya gramu, na lenzi vinatosha kwa kuanzia. Ile senti ya 1943 ikishikwa na sumaku ni ya chuma, hata ikiwa nyekundu kama shaba, maana matapeli huzipaka.

Usisafishe. Ndimu, majivu, mchanga na dawa ya kung'arishia shaba vimeua sarafu nyingi nzuri kuliko kutu. Rupia na riale zilizotobolewa karibu na ukingo zilikuwa vidani, zina historia yake ya kupendeza, lakini sokoni huhesabiwa zimeharibika. Kuituma sarafu nje kwa PCGS au NGC, kampuni za Marekani za kukagua sarafu, ikathibitishwe kuna gharama ya huduma, usafiri na bima, hivyo fanya hivyo tu pale mauzo ya mnadani yanapozidi gharama hizo kwa mbali.

Ukiwa na uwezo wa kununua kitu kimoja tu mwanzoni, nunua heller 20 ya Tabora iliyochakaa kiasi, kutoka kwa muuzaji anayekubali kuirudisha. Ipime, tafuta ufa wake, amua taji ni lipi na ncha za L ni zipi, kisha linganisha na katalogi. Ukiweza kuitaja aina yake bila kuuliza mtu, unaweza kuanza kununua ya pili.