Barua kwa mwanangu: pomboo na taa hawafukuzwi

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako nimezipata, marahaba. Umeniuliza kwa nini boti mliyopanda iliwakimbiza pomboo asubuhi nzima mkaambulia mapezi ya mgongoni yakizama kwa mbali, ilhali wenzenu waliokwenda siku nyingine walizungukwa nao, kisha wakaonana na taa, wale samaki bapa wenye mbawa pana, waliopita chini yao bila haraka yoyote. Unataka kujua kama ni bahati tu.

Bahati ipo, ila ni ndogo kuliko unavyodhani. Mliwakosa kwa sababu ya kuwakimbiza. Pomboo akichoka na boti haigombanii njia. Huvuta pumzi, huzama, na kuibukia upande ambao nahodha hakuutazamia. Anayekaa nao muda mrefu ni yule anayejua saa ile wako katika shughuli gani, kisha akajiweka mahali ambapo wao wenyewe wataamua kusogea.

Anza na ratiba yao. Pomboo wale wembamba, wenye mdomo mrefu, wanaoruka wakijizungusha hewani, huwinda usiku kwenye maji ya kina kirefu, wakati samaki wadogo na ngisi wanapopanda kutoka chini. Asubuhi huingia kwenye ghuba zenye maji mafupi na mchanga chini, wapumzike. Usingizi wao si kama wetu: nusu moja ya ubongo hulala huku nyingine ikisimamia kupumua na kuogelea. Ukiwaona wamekaribiana, wanaibuka pamoja polepole, hawaruki, hawaijali boti, basi hao wamelala. Boti nyingi za watalii huwafikia saa hiyohiyo. Wakiamshwa kila siku, usiku hawana nguvu ya kuwinda. Ndiyo maana Marekani, tangu mwaka 2021, imekataza mtu au chombo kuwakaribia pomboo hao chini ya mita 45 hivi katika maji ya karibu na visiwa vikuu vya Hawaii. Ukikuta kundi la namna hiyo, litazame kwa darubini, uondoke. Jioni, linapoanza kuchangamka na kurejea kwenye kina, ndipo utakapoona mizunguko na mirusho ya kukutosha.

Pomboo wanene wa pwani ni tofauti. Hao unaweza kuwakuta saa yoyote, na kazi yako ni kusoma mwenendo wao. Wakitawanyika, wakigeuka ghafla huku na huku, ndege wa baharini wakijitupa majini na samaki wakiruka, wanakula. Kaa nje ya duara hilo. Wakielekea upande mmoja kwa mwendo sawa, wako safarini, na hao ndio rahisi kuandamana nao. Wakigusana, wakigeuza matumbo juu, wakirukaruka, wanacheza au wanatongozana. Hapo zima injini kwa mbali utazame tu.

Kuhusu kuwaona kwenyewe, jambo la kwanza ni upepo. Ukizidi kama noti 10, yaani kilomita 18 hivi kwa saa, bahari hujaa vilele vyeupe na kila kilele hufanana na pezi. Chagua asubuhi tulivu, simama juu kadiri boti inavyoruhusu, jua liwe mgongoni. Vaa miwani ya jua ya polaroidi, si nyeusi tu, kwa sababu hiyo ndiyo inayokata mng'aro wa juu ya maji na kukuonyesha kilicho chini. Pekua kwanza kwa macho matupu, kutoka kushoto hadi kulia, ukitafuta ndege, mmwagiko wa maji, au kivuli kisichoendana na mawimbi. Darubini ni ya kuhakikisha tu. Chukua ya 7x50, yaani inayokuza mara 7 na yenye lenzi za milimita 50. Inayokuza zaidi ya mara 8 itakutetemekea mkononi na kukupa kichefuchefu bure. Kama tumbo lako ni la kuchafuka baharini, dawa yake humezwa kabla ya safari, si baada ya kuanza kutapika.

Pezi la pomboo limepinda kurudi nyuma, na linapoibuka huzunguka kama gurudumu: linapanda, linainama, linazama. Pezi la papa hukata maji moja kwa moja, na mara nyingi ncha ya mkia huonekana nyuma yake ikiyumba. Ukiona ncha mbili zinaibuka sambamba, zinazama, kisha zinaibuka tena kwa mpigo uleule, usiseme papa wawili. Huyo ni taa mkubwa, taa manta, akipiga mbawa zake karibu na uso wa maji.

Sasa boti, maana ndiyo iliyowaponza. Ukifika mita 300 punguza mwendo mpaka boti isiache mawimbi nyuma. Usiwaingie kwa mbele, usiwafuate kwa nyuma. Jiweke ubavuni, sambamba nao, nyuma kidogo ya yule anayeongoza, na usishuke chini ya mita 50. Wakiwa na mtoto ongeza mara tatu. Usipite katikati ya kundi, maana unatenganisha mama na mwana. Boti tatu zinatosha. Ya nne isubiri mbali zamu yake. Kama kundi halijakusogelea ndani ya nusu saa, limekwisha kukujibu. Hizi ni hesabu za kawaida za tahadhari, lakini sheria za nchi hazifanani, kwa hiyo uliza kabla ya kung'oa nanga.

Wakija wenyewe kuteleza mbele ya omo, nahodha asiguse kitu: mwendo uleule, njia ileile. Wanapanda msukumo wa maji unaotengenezwa na boti, na ukikata kona ghafla au kuongeza moto unauvunja msukumo huo na kuwaweka karibu na rafadha. Kama boti imesimama, gia iwe huru. Lala kifudifudi omoni, usinyooshe mkono. Ukiwa kimya utasikia pumzi zao zikipasuka kwenye tundu la kichwani, na wakati mwingine mluzi. Kila pomboo mnene ana mluzi wake unaomtambulisha, na wenzake huutumia kumwita. Angalia pia ukingo wa nyuma wa pezi la mgongo. Makovu na mikato yake haifanani kati ya mmoja na mwingine, na ndiyo hutumiwa na watafiti kuwatambua miaka nenda miaka rudi. Mwenye picha nzuri ya pezi moja kutoka ubavuni ana kitu cha maana kuliko mwenye picha mia za mikia.

Utajuaje wamekasirika? Wanapiga mkia juu ya maji mara kwa mara, wanatoa pumzi kwa kishindo, wanazama muda mrefu kuliko mwanzo, wanabadili njia kila unaposogea, mama anajiweka kati yako na mtoto. Dalili moja yatosha. Na usidhani madhara yanaishia siku ile. Katika Shark Bay, Australia, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba makampuni ya kuwatazama pomboo yalipoongezeka kutoka moja hadi mawili, idadi ya pomboo eneo hilo ilishuka kwa kiasi cha mmoja katika kila saba. Hawakuuawa na mtu. Kelele na msongamano ulitosha. Kuwalisha nako ni kubaya. Mama aliyezoea samaki wa bure hushinda kando ya boti akiomba, na mtoto hakui akijua kuwinda. Nahodha anayetoa ndoo ya samaki, wewe tafuta boti nyingine.

Pale ambapo sheria inaruhusu kuingia majini, ingia kwa kukaa ukingoni na kuteleza, si kwa kujirusha. Mapezi ya miguuni yabaki chini ya uso wa maji yasipige makofi, mikono iwe ubavuni. Usiwaogelee. Elea, tazama pembeni kidogo, ikiwezekana zama mita mbili au tatu na ujigeuze polepole. Pomboo mdadisi huvutiwa na kiumbe anayefanya kitu kuliko mtu anayeng'ang'ana juu. Ila usizame kwa pumzi moja bila mwenzako kukuangalia kutoka juu, hata kama maji ni mafupi. Pomboo akipinda mwili na kugonganisha taya, ni onyo. Rudi kwenye boti bila papara. Kundi likipita mara moja na lisirudi, liache liende.

Kuna jambo dogo linaloharibu safari nyingi kuliko hata bahari chafu: miwani ya kuzamia yenye ukungu. Ikiwa mpya, kioo chake kina utando wa kiwandani kwa ndani. Sugua kwa dawa ya meno, suuza, rudia mara mbili tatu kabla ya siku ya safari. Siku yenyewe tema mate, pangusa, suuza kidogo. Ikiingiza maji, kagua nywele zilizonaswa chini ya ukingo wa mpira. Usikaze ukanda, utaipinda na ivuje zaidi.

Taa nimewaweka mwisho, lakini kwa jinsi ninavyoona mimi, mtu mvumilivu atafurahi kwao kuliko kwa pomboo. Pomboo anakuja na kuondoka apendavyo, taa ana anwani. Manta hurudi kwenye miamba ileile ambako samaki wadogo huwasafisha, wakila vimelea na ngozi iliyokufa. Huzunguka juu ya mwamba polepole, wakati mwingine kwa muda mrefu sana, mbawa zikipinda kama zulia linaloanikwa upepo ukipita. Ukiujua mwamba huo, kazi ni kufika kabla yao, kushuka pembeni, kukaa chini karibu na sakafu bila kugusa matumbawe, na kusubiri. Usielee juu ya mwamba wenyewe, wala usipite juu ya mgongo wa taa. Kivuli cha juu kwao ni papa, na huo ndio mwisho wa usafi siku hiyo. Wenye mitungi ya hewa wajizuie kumwaga mapovu chini ya tumbo lake.

Kama wanakula badala ya kusafishwa, utawajua kwa mapezi mawili ya kichwani. Wakiogelea tu huyakunja yakawa kama pembe. Wakila huyakunjua yaelekeze mdomoni maji yenye planktoni, vile viumbe vidogo sana vinavyoelea majini, na planktoni ikiwa nzito hujipindua nyuma, pindu baada ya pindu, tumbo likiangalia juu. Hapo maji huwa machafu kidogo, usilalamike, uchafu huo ndio chakula. Mwezi na maji ya bahari vina neno lao: Hanifaru, ghuba ndogo huko Maldivi, hujaza manta majira ya pepo za kusi, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, kwa sababu mkondo husukuma planktoni ikanaswa ndani ya ghuba. Huko huruhusiwi kuingia na mitungi. Ni mrija wa kupumulia tu.

Umbali wa mita 3 na manta unatosha. Mwendee kwa ubavu, akuone. Ukimfuata nyuma atapiga mbawa mara mbili na hutamfikia. Akikugeukia yeye, tulia. Usimguse, maana ngozi yake ina ute unaomkinga na maradhi, na mkono huufuta. Usitumie mwanga wa kamera. Ukibahatika kupiga picha ya tumbo ihifadhi, kwani madoa yake ni ya kipekee kwa kila manta. Manta wa bahari kuu hufika mbawa za mita 7. Jike hubeba mimba mwaka mzima na zaidi, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja. Ukiyajua hayo hutashangaa kwa nini wanalindwa kwa ukali. Mwiba wa kuchoma hana.

Wenye mwiba ni taa wale wanaolala mchangani wamejifukia, macho na matundu ya kupumulia tu yakiwa nje. Hawashambulii, huchoma wakikanyagwa. Kwa hiyo kwenye maji mafupi yenye mchanga usiinue mguu, uburute. Mtikisiko humfikia kabla yako naye huondoka. Akichoma mtu, mtoe majini, zuia damu, kisha tumbukiza jeraha katika maji ya moto ya nyuzi 40 hadi 45 za Selsiasi, kwa dakika 30 hadi 90. Sumu yake ni ya protini na joto huiharibu, na maumivu hupungua kweli. Pima maji hayo kwa mkono usiojeruhiwa, na awe mwingine anayepima, kwa sababu mwenye maumivu anaweza kujibabua bila kujua. Baadaye aende hospitali, kwani vipande vya mwiba hubaki ndani na sindano ya pepopunda huenda ikahitajika. Mwiba uliozama kifuani, tumboni au shingoni usichomolewe na mtu yeyote njiani.

Uliuliza pia uanze na kipi. Anza na taa. Mwulize nahodha maswali mawili kabla ya kumlipa: mwamba wanaosafishiwa uko wapi, na boti hukaa umbali gani na pomboo. Akijibu la pili kwa kukuahidi utawagusa, mshukuru uende kwa mwingine. Ukishapata tarehe, nitumie na jina la mahali, nikuangalizie jedwali la maji kujaa na kupwa.

Mama yako