Gia inagoma asubuhi za Njombe

SWALI: Fundi, salaam. Nina Toyota Corolla ya 1998, otomatiki. Hapa Dar haisumbui. Mwezi wa saba nilienda nayo msibani Njombe. Asubuhi nikiweka D inakaa kama sekunde tatu, halafu inashtuka kwa nguvu. Barabarani haiingii gia ya mwisho, injini inalia tu, na mshale wa joto uko chini kabisa. Mwaka jana fundi aliitoa themostati kwa kuwa gari ilichemsha kwenye foleni ya Ubungo. Naambiwa ninunue gia boksi nyingine kwenye maduka ya spea ya Gerezani. Ninunue?
Msomaji, Tabata

JIBU: Pole na msiba, kaka. Usinunue kwanza. Angalia kama taa ya O/D OFF (maana yake gia ya mwisho imezimwa) inawaka kwenye dashibodi. Kile kitufe cha kwenye mkono wa gia hubonyezwa bila kujua. Kama haiwaki, rudisha themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Toyota nyingi za umri huo haziachii gia ya mwisho mpaka maji ya injini yapate moto, na bila themostati, kwa baridi ya Njombe, rejeta inayapoza muda wote. Dar joto la nje linakufichia ugonjwa. Mafundi wenzangu wana hii tabia ya kung'oa themostati kila gari ikichemsha, wakati rejeta imeziba au feni haizunguki. Hilo nalo likaguliwe, la sivyo Ubungo itachemsha tena.

Kuchelewa kwa D ni habari nyingine. Oili ya gia boksi iliyochoka ikipata baridi huwa nzito, na sili za ndani za gari ya umri huo zimekakamaa, kwa hiyo presha inachelewa kujaa. Pima oili hiyo gari ikitoka kutembea, injini inaunguruma, mahali tambarare. Pitisha gia zote, rudisha P, futa stiki, ichovye tena, soma alama ya HOT. Dondoshea tone kwenye tishu nyeupe. Likiwa jekundu, shukuru. Likiwa jeusi na linanuka kuungua, klachi za ndani zimeanza kuliwa, na hapo hesabu ya gia boksi inaweza kuja.

Likiwa la kahawia, badilisha oili na chujio. Kataa kusafishwa kwa mashine ya presha. Ukimwaga kwa nati ya chini, nyingi inabaki kwenye konveta iliyo kati ya injini na gia boksi, kwa hiyo pima iliyotoka, rudisha kiasi hicho hicho, kisha rudia baada ya wiki kadhaa. Aina ifuate kitabu cha gari: Dexron, T-IV na WS si kitu kimoja, hata muuzaji akikuapia.

Ukirudi Njombe, washa, acha iungurume kidogo, kanyaga breki, weka D, na usiguse mafuta mpaka uisikie imeshika.