Tuongeze pikseli ili setilaiti yetu ione nyumba moja moja?

SWALI: Injinia, habari za kazi. Sisi ni wanafunzi wanane wa chuo kikuu, Nairobi. Tunaunda setilaiti ya yuniti tatu (vijiboksi vitatu vya sentimita 10 vilivyounganishwa mstari mmoja) itakayopiga picha za joto la jiji kwa infraredi, mawimbi ya joto ambayo macho hayayaoni, kutoka kimo cha kilomita 400. Kamera yetu ina pikseli, yaani nukta za picha, 640 kwa 512, na kila pikseli inafunika mita 68 za ardhi. Tunataka mita 10. Tununue kamera ya pikseli nyingi zaidi?

JIBU: Pesa hizo zisiguswe kwanza. Kinachowabana ni upana wa boksi. Yuniti tatu ina upana wa sentimita 10, kwa hiyo lenzi haitapita kipenyo cha sentimita 8 au 9. Joto la ardhi linawafikia kwa mawimbi ya mikroni 10 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), marefu karibu mara 20 kuliko mwanga tunaouona, na wimbi refu halikubali kukusanywa kwenye nukta ndogo. Zidisheni urefu wa wimbi kwa 1.22, mgawe kwa kipenyo, mzidishe kwa kimo. Lenzi ya sentimita 8 inatoa mita 61: vitu vilivyo karibu kuliko hapo vitaonekana kama kimoja, hata pikseli ziwe nyingi vipi. Kwa mita 10 mnahitaji lenzi ya karibu nusu mita!

Wanafunzi wa Arizona State University walipounda Phoenix, yuniti tatu kama yenu, iliyoachiwa angani mwaka 2020 ipime joto la miji ya Marekani, nao walipanga mita 68.

Kuna mwendo pia. Setilaiti inapita juu ya ardhi kwa kilomita 7 hivi kwa sekunde. Kihisi cha kamera kisichopozwa kwa mtambo huchukua kama milisekunde 10 kuitikia joto, na muda huo mji umeshasogea mita 70. Picha ya mita 10 ingevutika tu kama mpira.

Mimi ningeweka nguvu kwenye usahihi wa nyuzi joto ambazo kamera inapima. Lenzi ni ya jemaniamu, elementi inayofanana na metali, kwa sababu kioo cha kawaida huzuia mawimbi haya: simama nyuma ya dirisha na kamera haikuoni, jifunike mfuko mweusi wa taka na sura yako inaonekana. Lakini jemaniamu ikipata joto fokasi inahama, na setilaiti yenu itaingia na kutoka juani kila dakika 90 hivi. Ipimeni ikiwa baridi na ikiwa moto kabla ya kufunga boksi.

Halafu mabati. Bati jipya linalong'aa, saa nane mchana, litatokea baridi kwenye picha, kwa kuwa linaakisi anga lenye baridi badala ya kutoa joto lake. Likishika kutu, hadithi inabadilika. Msije mkaandika kwamba mtaa wa mabati mapya una ubaridi.

Na mnaposahihisha vipimo vya kamera kwa kuilinganisha na maji yanayochemka, tieni kipimajoto sufuriani. Hapo Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100.