Maswali na Majibu: Kanisani Nani Amhukumu Nani?

Kaka yangu alijinyonga. Sisi ni Wakatoliki. Mzee wa jumuiya alisema mwili usiingie kanisani, tukamzika bila misa. Mama halali. Kweli kaka amepotea? (Dada, Kondele)

Pole sana, dada, na umpe mama pole zangu. Mzee huyo alishika sheria iliyokwisha kubadilishwa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimnyima mazishi ya kikanisa mtu aliyejiua kwa kukusudia. Ile ya mwaka 1983 haina tena katazo hilo. Katekisimu nayo inafundisha kwamba maradhi ya akili, hofu au mateso makali hupunguza lawama ya aliyejiua, tena kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake. Kanisa linamwombea. Basi nendeni wenyewe kwa padre, msimtume mtu. Ombeni misa ya marehemu na jina la kaka yako litajwe. Hamjachelewa.

Kinachoniuma ni hiki: wenye kujua sheria nusunusu husimama mlangoni siku ya msiba, wakati familia haina nguvu ya kubishana na mtu. Kaka yako aliumia mahali ambapo hakuna jicho lililofika. Naye mama, usingizi ukiendelea kumtoroka, mpelekeni hospitalini pamoja na kumwombea.

Mama mkwe ni Msabato, mimi Mwanglikana. Ananiambia Jumapili yangu ni alama ya mnyama. Nimjibuje? (Mke wa Homa Bay)

Usimjibu kwa mistari. Lakini ujue kwamba kanisa lake lenyewe halifundishi kuwa anayeabudu Jumapili leo tayari ana alama hiyo. Waadventista walifika Gendia mwaka 1906, mwaka uleule misheni ya Kianglikana ilipoanza Maseno; ninyi wawili ni wajukuu wa misheni zilizolingana umri. Paulo, katika Warumi 14, aliwaandikia watu waliogombania siku na vyakula, akawauliza wao ni nani hata wamhukumu mtumishi wa mwingine. Jumamosi mwondolee kazi, apumzike kwa amani. Akiendelea kukutukana mbele ya watoto, mumeo ndiye aongee na mamake.

Nimeokoka. Wazee wa kanisa letu hawajawahi kushuhudia mbele ya watu. Si ina maana hawajaokoka? (Kijana, Maseno)

Huko kwenu watu waliwahi kutengana kwa jambo hilohilo. Uamsho wa Afrika Mashariki ulifika Nyanza miaka ya 1930, na baadhi ya waliookoka wakawaona wasioungama hadharani kuwa bado wako gizani. Ugomvi ukakua, na mwishoni mwa miaka ya 1950 kundi la Johera, yaani watu wa upendo, waliopinga kuhukumiwa hivyo, likiongozwa na Matthew Ajuoga, likatoka katika Kanisa la Kianglikana na kuanzisha Church of Christ in Africa. Uamsho uliwatoa wengi kwenye ulevi, sikatai. Ila wewe, kabla ya kuwapima wazee hao, keti nao uwaulize waliombaje miaka ya njaa.

Mweka hazina wa chama chetu anakula pesa, na ni mwimbaji wa kwaya. Nikisema, si nitakuwa nahukumu? (Nakuru)

Sema. Kukemea wizi si kuuhukumu moyo wa mtu. Mathayo 18 inakupa njia: mwendee mkiwa wawili tu, ukiwa na daftari la chama mkononi. Asiposikia, rudi na mwanachama mmoja au wawili. Usianzie kwenye kikundi cha WhatsApp cha kwaya.